Ukuta Ndani ya Kauri

Kivuko kinachotoka Kisorya kwenda Rugezi hukata mlango mwembamba wa maji, upande mmoja Ghuba ya Speke, upande wa pili ziwa kuu. Nyuma inabaki Bunda na mialo yake, mbele inasogea Ukerewe, na katikati kuna maji yanayolisha ng'ambo zote mbili. Mvuvi wa dagaa anayesubiri giza liingie ndipo awashe taa, mama anayeanika dagaa mchangani, mchuuzi anayewahi gari la Bunda mjini na sangara wake, wote wanategemea jambo lisiloonekana kwa macho: humo chini wamebaki samaki kiasi gani. Njia mojawapo ya kulijibu swali hilo ni kupiga mlio majini na kusikiliza mwangwi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakizunguka Ziwa Victoria kwa meli na vyombo vya aina hiyo. Kwa upande wetu Tanzania kazi hiyo imo mikononi mwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na nchi zote tatu huiratibu kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994. Ripoti zao husomwa na mawaziri. Kipande cha kauri kinachofanya usikilizaji wenyewe hakisomwi na mtu, na ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu siri yake inapinga jambo tunaloliamini bila kulihoji: kwamba kitu kikiwa na mipaka ndani yake basi kina kasoro, na kwamba ubora ni kuwa kitu kimoja kisicho na mshono.

Kwanza mlio wenyewe. Chombo hufungwa chini au ubavuni mwa meli, nacho hutoa mlio mfupi, mwembamba kupita uwezo wa sikio la binadamu. Katika ziwa hili hutumika sana mlio wa mitikisiko 120,000 kwa sekunde. Sauti husafiri majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mlio ukishuka mita 40, ambacho ndicho wastani wa kina cha ziwa hili, ukagonga kitu na kurudi, hautimizi hata sehemu sita za mia za sekunde moja. Kinachorudisha sehemu kubwa ya mlio huo si nyama ya samaki wala miba yake, kwani nyama inafanana mno na maji. Ni kile kifuko cha hewa tumboni, ambacho wavuvi wa sangara wanakiita bondo na wanakijua vizuri kwa bei yake. Sauti inapotoka kwenye nyama na kukutana na hewa, hukuta tofauti kubwa ghafla, ikageuzwa. Kwa hiyo hata samaki wenyewe tunawasikia kwa sababu ya mpaka uliomo miilini mwao.

Kauri inayotoa mlio na kuupokea hutengenezwa kwa risasi, zirkoni, titani na oksijeni, zikasagwa, zikachanganywa na kuokwa kwenye tanuri kwa joto linalozidi nyuzi 1,000. Ukiibana, hutoa umeme kidogo; ukiipa umeme, hujinyoosha au kujikunja kidogo. Tabia hiyo, piezoelektriki, iligunduliwa na ndugu Pierre na Jacques Curie huko Ufaransa mwaka 1880 katika fuwele za asili, na katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin aliitumia kwa vipande vya kwatzi kutafuta nyambizi baharini. Kauri ya risasi ilikuja baadaye: Wajapani waliichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Bernard Jaffe wa Marekani akaonyesha mwaka 1954 jinsi inavyozidi nguvu pale zirkoni na titani zinapokaribia kulingana. Leo iko kwenye mashine za kupimia wajawazito na kwenye vyombo vya kupimia kina cha maji. Viberiti vya gesi vinavyowaka kwa kubonyezwa, ukavisikia vikitoa kile kishindo kidogo, vimebeba kauri ya ukoo huo huo.

Tuingie ndani yake. Atomu za kauri hii zimepangwa kama vijumba vilivyobebana, na katikati ya kila kijumba kuna ioni ya titani au ya zirkoni. Kauri ikiwa ya moto sana, ioni hiyo hukaa katikati kabisa, na kijumba ni mraba pande zote. Ikipoa chini ya joto fulani, ambalo kwa kauri hii ni kiasi cha nyuzi 350, katikati hapakaliki tena. Ioni inasogea upande mmoja, kijumba kinarefuka kuelekea huko, na upande mmoja wa kijumba unakuwa chanya, wa pili hasi. Kitu chenye mwelekeo wa umeme wa namna hii, unaoweza kugeuzwa kwa umeme wa nje, kinaitwa feroelektriki. Wa kwanza kuutambua mwelekeo huo ni Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyeuona mwaka 1920 katika chumvi ya Rochelle, dawa ya kulainisha tumbo iliyokuwa ikijulikana Ufaransa tangu karne ya 17. Sasa, ioni ina pande sita za kwenda: juu, chini, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Zote ni sawa kwake. Kijumba kimoja kikichagua juu, majirani huvutwa kuchagua juu. Lakini mbali kidogo kundi jingine limeanza kwa kuchagua kulia. Kila eneo lenye chaguo moja linaitwa domeni, na pale domeni mbili zinapokutana ndipo palipo na ukuta.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuta hizi ni matokeo ya haraka, kwamba kauri ingepoa taratibu zaidi ingekuwa domeni moja tupu. Sivyo. Kama kipande chote kingeelekea upande mmoja, chaji chanya ingerundikana usoni upande huu na hasi upande ule, na uga wa umeme wa marundo hayo ungerudi ndani kupingana na mwelekeo wenyewe. Ni nafuu kwa kauri kugawanyika, domeni hii ikitazama juu na jirani yake chini, ili chaji zifutane. Zaidi ya hapo, kila chembe ya kauri imebanwa na chembe nyingine pande zote. Ikirefuka kuelekea upande mmoja tu itawasukuma majirani, nao watairudishia msukumo. Hivyo hugawanya urefu wake, huku umekwenda hivi, pale umekwenda vile, mpaka umbo la jumla lisibadilike sana. Ukuta una gharama yake ya nishati, ndiyo, ila gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kuishi bila ukuta.

Ziko kuta za namna mbili, na tofauti yao ni kiini cha habari hii. Ya kwanza hutenganisha domeni zinazotazamana kinyume, juu na chini. Umbo la vijumba ni lile lile pande zote mbili, kilichogeuka ni chaji tu, na ukuta wake ni mwembamba ajabu, takriban nanomita moja, yaani upana wa vijumba viwili au vitatu. Ukuta wa sumaku kwenye chuma huwa mnene mara nyingi zaidi ya huo. Namna ya pili hutenganisha domeni ambazo mielekeo yake imepishana kama pembe ya meza. Hapo umbo lenyewe limebadilika, huku vijumba vimerefukia juu, kule vimerefukia kando, na ukuta hauwezi kukaa popote unapotaka. Lazima ukae kwa mshazari, kwenye bapa ambalo vijumba vya pande zote mbili vinaweza kushikana bila kupasuka, kama fundi wa cherehani anavyokata vipande viwili kwa mshazari mmoja ili mshono usikunjamane. Vitu ambavyo domeni zake hupishana kwa umbo, na ambavyo ukivibana domeni moja hukua kwa kumla jirani yake, Keitsiro Aizu wa Japani alivipa mwaka 1969 jina la feroelastiki. Kauri ya risasi ni vyote viwili kwa pamoja. Ukuta wake wa mshazari ukisogea, umeme na umbo hubadilika kwa mkupuo mmoja, na hicho ndicho tunachokitaka majini: umeme ugeuke mtikisiko, na mtikisiko urudi kuwa umeme.

Ushahidi wa kwanza kwamba kazi inafanywa na kuta uko kiwandani. Kauri ikitoka tanurini ni mfu. Domeni zake zimeelekea kila upande, zinafutana, na ukiibana haitoi umeme wa maana. Ili iamke, huwekwa kwenye mafuta ya moto na kupewa umeme wa maelfu ya volti kwa kila milimita ya unene. Domeni zinazoafikiana na umeme huo hupanuka, zinazoupinga hupungua, na umeme ukiondolewa sehemu kubwa ya mpangilio mpya hubaki. Kupanuka na kupungua huko si kitu kingine ila kuta kuhama. Kauri ambayo kuta zake zimegoma kabisa haiwezi kuamshwa, hata iwe na viambato bora namna gani, na itabaki kuwa sawa na kigae cha sakafuni.

Ushahidi wa pili ni wa hesabu. Mwaka 1957 Rolf Landauer alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika ili domeni mpya izaliwe katikati ya fuwele safi ya feroelektriki, akapata kizuizi kikubwa kiasi kwamba jambo hilo lisingetokea kamwe kwa umeme unaotumika maabara. Na bado, maabara, fuwele hugeuka kila siku. Wanaokadiria umeme wa kugeuza fuwele nzima kwa mara moja nao hupata kiwango kinachozidi kile kinachopimwa kwa mara mia hivi. Maelezo ni kwamba fuwele haigeuki kwa pamoja. Inaanzia mahali penye hitilafu, pembeni au penye chembe ya kigeni, kisha ukuta husafiri. Chukua turubai kubwa la kuanikia dagaa, lililolowa maji na kulala mchangani. Kulivuta lote kwa upande mmoja kunahitaji watu kadhaa. Lakini ukiinua mkunjo ukingoni na kuusukuma mpaka upande wa pili, turubai lote litakuwa limesogea, na mtu mmoja ametosha. Ukuta ni mkunjo huo. Kinachosogea kwa wakati mmoja ni mstari mwembamba tu wa vijumba, vingine vyote vimekaa.

Hapa mwanafizikia mwangalifu atanipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: hata domeni moja isiyo na ukuta hujinyoosha ikipewa umeme, kwa sababu ioni zake husogea kidogo zaidi pale pale zilipo, unajuaje kwamba mtikisiko tunaoupima unatoka kwenye kuta na si kwenye mwili wa domeni? Jibu limetafutwa kwa njia kadhaa. Ukiipoza kauri mpaka karibu na baridi ya mwisho kabisa, kuta hukwama, na mwitikio wa kauri laini, yaani ile ambayo kuta zake husogea kwa urahisi, hushuka hadi chini ya nusu ya ule wa joto la kawaida. Ukiimulika kwa eksirei huku ukiipa umeme, utaona alama ya domeni zilizolala ikififia na ya zilizosimama ikikolea, jambo ambalo mwili wa domeni peke yake hauwezi kulifanya. Tena mwitikio huongezeka kadiri umeme unavyoongezwa, na haurudi kwa njia ile ile uliyopitia, tabia ya kitu kinachokwama kwenye vishimo na kuchomoka, wala si ya springi. Katika kauri laini, kwa joto la kawaida, zaidi ya nusu ya kazi ni ya kuta. Iliyobaki ni ya mwili wa domeni, na sina sababu ya kuunyima haki yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka kwa mafundi. Ukuta unaohama hukwaruza. Kila unapochomoka kwenye kishimo hupoteza nishati, nishati hiyo hugeuka joto, na kauri inayopiga mlio mkali mara kwa mara inaweza kuungua ikapoteza uhai wake. Ndiyo maana waundaji wa vyombo vya kupiga mlio wenye nguvu huchanganya chuma kidogo ndani ya kauri. Atomu za chuma huacha mapengo ya oksijeni karibu nazo, mapengo hayo hujipanga na kuzishika kuta zisicheze ovyo. Kauri hiyo inaitwa ngumu. Kwa kusikiliza tu, wanachanganya niobi, na kuta zinalegea. Hiyo ni laini. Kauri ngumu inayojulikana kwa jina la PZT-4 hutoa kiasi cha pikokulomu 290 kwa kila nyutoni ya mbano, laini ya PZT-5H karibu 590. Je, hii haionyeshi kwamba mhandisi anazipiga vita kuta? Naona inaonyesha kinyume. Anayechagua kati ya ngumu na laini anachagua kuta zake ziwe huru kiasi gani, na kila kauri anayoishika mkononi, hata ile ngumu kuliko zote, iliamshwa kwa kuta kuhama kabla hazijafungwa. Fundi anasimamia mwendo wa kuta, kama nahodha anayekaza na kulegeza tanga bila kulitupa majini.

Kuta pia hazibaki vile vile. Kauri ikishaamshwa, huanza kuzeeka: mapengo na chembe ndani yake hujipanga pole pole, kuta zinazama kwenye vishimo vyake, na uwezo wa kauri hushuka, haraka siku za kwanza, kisha taratibu kwa miezi na miaka. Joto la maji nalo hubadilisha mambo. Hizi ni miongoni mwa sababu zinazofanya watafiti wasiuamini mwangwi mpaka wamekipima chombo chenyewe. Hutundika chini yake, kwa uzi mwembamba, tufe dogo la metali ambalo ukubwa wa mwangwi wake unajulikana kwa hesabu, na kurekebisha mitambo mpaka jibu lilingane.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni madogo mbele ya mashaka makubwa ya kuhesabu samaki kwa sauti. Mlio hauwaoni vizuri samaki waliolala kwenye matope, wala walio juu ya chombo karibu na uso wa maji. Meli ya utafiti haiingii kwenye matete na maji mafupi ambako wavuvi wengi wa mitumbwi wanatega. Mwangwi hautaji jina, na dagaa, furu na sangara wadogo hubaguliwa kwa kuvua kwa nyavu sambamba na kupiga mlio. Nakubali yote. Ila mashaka hayo yanajulikana na yanaweza kujadiliwa kwa sababu kipimo cha msingi ni imara. Kama kauri ingekuwa inabadilika bila mtu kujua, kupungua kwa sangara na kuongezeka kwa dagaa kungekuwa hadithi ya mashine badala ya habari ya ziwa, na mvuvi wa Kisorya anayeambiwa punguza nyavu angekuwa na haki ya kukataa.

Wala kuta hizi si mali ya viwanda. Majabali ya granaiti yaliyotapakaa kuanzia Mwanza hadi Ukerewe na Mara yaliganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na yamejaa kuta. Kwatzi iliyomo ilipopoa kupita nyuzi 573 ilibadili mpangilio wake, sehemu nyingine ikageukia huku, nyingine kule, na mipaka ikabaki. Madini ya feldispa yenye potasi nayo, yakipoa taratibu, hupoteza ulinganifu na kujigawa kwa kuta za pande mbili zinazokatana. Kipande chembamba kikiwekwa chini ya darubini, huonekana mistari iliyosukana kama kikoi. Hiyo ni feroelastiki ya jiwe. Madini ya perovskaiti, yaliyopewa jina mwaka 1839 na Gustav Rose kwa heshima ya Mrusi Lev Perovski, ndiyo yaliyoipa kauri yetu jina la ukoo wake, na hupatikana kwenye kimbalaiti, mwamba wa almasi wa aina ile ya Mwadui. Mwili wa perovskaiti hauna mwelekeo wa umeme hata kidogo. Mwaka 2012, kwa darubini ya elektroni, ilionyeshwa kwamba kuta zake zinao.

Ugunduzi wa aina hiyo ndio unaonifanya niseme kwamba ukuta ni kitu chenye tabia yake, na si pengo kati ya vitu viwili. Mwaka 1998 Alison Aird na Ekhard Salje wa Cambridge walionyesha kwamba kuta ndani ya fuwele ya oksidi ya tangsteni, zikitiwa sodiamu, hupitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye baridi kali huku mwili wa fuwele ukishindwa. Mwaka 2009 kundi lililofanya kazi Berkeley, likiongozwa na Jan Seidel na Ramamoorthy Ramesh, liliona umeme ukipita ndani ya kuta za bismathi feraiti, kitu ambacho chenyewe ni kihami. Tangu hapo wapo wanaojaribu kutengeneza saketi ambazo nyaya zake ni kuta: unaziandika kwa volti, unazifuta, unaziandika kwingine. Bado ni kazi ya maabara. Kuna pia shughuli ya kutafuta kauri isiyo na risasi, kwa kuwa risasi ni sumu na vyombo vikichakaa hutupwa popote. Kauri za potasi, sodiamu na niobi zimefika mbali, na sehemu kubwa ya maendeleo yake imetokana na kujua jinsi ya kupanga domeni ziwe ndogo na kuta ziwe nyepesi kusogea.

Usiku, meli ya utafiti ikipita nje ya Ghuba ya Speke, mlio unashuka na kukuta kundi la dagaa waliopanda kutoka chini. Mwangwi unaorudi ni dhaifu kiasi kwamba haung'oi ukuta wowote kutoka kwenye kishimo chake. Unautikisa tu humo humo ndani, mbele na nyuma kwa umbali usiofikia hata upana wa atomu moja, mara 120,000 kwa sekunde, pamoja na mamilioni ya kuta nyingine zilizo kando yake. Kwenye nyaya zinazotoka kwenye kauri unatokea umeme mdogo sana, na ndani ya chumba cha nahodha doa jekundu linachorwa kwenye skrini, mita 15 chini ya maji.